Patrick Sullivan watatu, rasi moja: babu wa mume wangu ni yupi?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Marekani, tunaishi Seattle. Mwanangu amepewa kazi ya shule achore mti wa ukoo. Upande wangu nilimpigia shangazi simu moja tu, usiku huo huo nikawa na vizazi vitano. Upande wa mume wangu tumekwama. Baba yake babu yake aliitwa Patrick Sullivan, mchimba shaba wa Butte, Montana, akafariki 1909 kwa maradhi ya kifua. Cheti cha kifo kinasema umri miaka 47, amezaliwa Ireland, basi. Kaburini wameandika County Cork. Mama mkwe anasema kwao ni rasi ya Beara, lakini tusijisumbue kwa sababu kumbukumbu zote ziliungua Dublin mwaka 1922. Nimetafuta mtandaoni nikaona Patrick Sullivan watatu waliobatizwa huko kati ya 1860 na 1864, mmoja kaandikwa Patritius. Tena kuna mti wa mtu mwingine umefika hadi kwa watawala wa karne ya 12, na mume wangu ameshaupenda. Nichague yupi? Na je, tukimpata, mume wangu anaweza kupata pasipoti ya Ireland?"*

Marahaba, dada yangu. Usichague yeyote. Sikwambii hivyo kukuvunja moyo, maana kusema kweli umefika mbali kuliko wengi wanaoniandikia. Una rasi, na mwenye asili ya Ireland aliyeko Marekani anayejua rasi ametajirika. Wengi wana neno "Ireland" tu. Ila umeshika jina ukadhani umeshika mtu. Katika rasi ya Beara ukiita "Patrick Sullivan!" barabarani siku ya mnada, watageuka watu kumi.

Nianze na moto, kwa sababu mama mkwe wako hakosei kabisa. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, jengo la Hifadhi ya Nyaraka lililokuwa ndani ya Four Courts, yaani majengo ya mahakama, Dublin, lililipuka na kuungua. Karatasi zilirushwa hewani zikaangukia mitaa ya mbali. Humo zilipotea karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, wasia wa karne kadhaa, na zaidi ya nusu ya vitabu vya parokia vya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana. Za 1861 na 1871 zilikuwa zimeshateketezwa na serikali yenyewe zamani, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo sensa za zamani zaidi zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911.

Lakini sikiliza jambo hili. Vitabu vya Waanglikana vilikuwamo katika jengo lile kwa sababu kanisa lao lilikuwa kanisa la dola hadi mwanzoni mwa 1871, na sheria ikavihesabu kuwa nyaraka za umma. Vitabu vya Wakatoliki havikuhesabiwa kuwa chochote. Vilibaki kabatini kwa paroko, vingine chini ya kitanda chake, vikila unyevu na kuliwa na panya, na moto wa Dublin haukuvigusa. Kule kudharauliwa ndiko kulikoviokoa. Patrick wako, kama alikuwa Mkatoliki kama walivyokuwa karibu wote wa Beara, kitabu chake hakikuungua.

Baadaye Maktaba ya Taifa ya Ireland ilizunguka parokia zaidi ya 1,000 ikavipiga vitabu hivyo picha za filamu, hadi miaka ya 1880 hivi, na tangu Julai 2015 picha hizo ziko mtandaoni bure. Ni picha nyeusi na nyeupe, nyingine zimefifia hadi unasoma kama mtu anayetafuta sindano gizani. Zipo pia tovuti zenye majina yaliyonakiliwa kwa ajili ya kutafutia, ikiwamo ya serikali, irishgenealogy.ie, ambayo haina malipo. Tumia orodha ya majina kukufikisha kwenye ukurasa, halafu usome ukurasa wenyewe kwa macho yako. Mnakili ni binadamu, na herufi za paroko wa 1862 si za kuchezea.

Hapa nadhani kuna kosa umelifanya bila kujua, kwa sababu wengi hulifanya. Kaburi linasema County Cork, basi mtu anakwenda kutafuta katika majimbo ya Kanisa ya Cork. Sehemu kubwa ya Beara iko County Cork kiserikali, lakini kikanisa iko Jimbo la Kerry. Parokia za Castletownbere, Eyeries na Allihies zote ziko chini ya Kerry. Halafu neno "parokia" lenyewe lina maana mbili kule: ipo parokia ya Kanisa Katoliki, na ipo ile ya kiserikali iliyotumika kupimia ardhi na kodi, na mara nyingi majina hayafanani. Allihies kwa vitabu vya ardhi ni Kilnamanagh, Eyeries ni Kilcatherine. Chini ya hizo kuna kile wanachokiita townland, kipande cha ardhi chenye jina lake, kidogo kama kitongoji na pengine kidogo kuliko hapo, familia tano au ishirini. Ireland nzima vipande hivyo ni zaidi ya 60,000. Ukilipata jina la kitongoji cha Patrick, nusu ya kazi imekwisha. Kwa hiyo kabla ya yote, rudi kwa wale watatu wako uangalie kila mmoja amebatizwa parokia gani na wazazi wanakaa wapi.

Sasa tusome mstari mmoja. Wewe ukibatizwa kwetu paroko aliandika kitabuni jina lako, baba, mama, tarehe, na wasimamizi wa ubatizo. Kule ni vivyo hivyo, ila kwa ufupi na mara nyingi kwa Kilatini: *Patritium, f.l. Joannis Sullivan et Honorae Harrington*, kisha *sp.* na majina mawili. Patritius ni Patrick tu, usimwone kuwa mtu wa ajabu. Joannes ni John, Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Hizo herufi *f.l.* zinasema ni mtoto wa ndoa, na *sp.* ndio wasimamizi. Honora huyo utakuja kumkuta kwingine akiitwa Nora, Hanora au Nano, na Brigida akivuka bahari anaweza kuwa Bridget, Biddy au Delia. Hata Sullivan na O'Sullivan ni walewale. Karne ya 19 wengi waliiacha ile O, baadaye wakairudisha, na ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kuiandika tofauti. Usimkatae mtu kwa sababu ya herufi moja.

Katika mstari ule kito si jina la Patrick. Kito ni Harrington, jina la kwao mama. Desturi ya kuliandika jina la ukoo wa mama ni neema kubwa ya vitabu vya Kikatoliki, kwa sababu John Sullivan wako wengi, lakini John Sullivan aliyemwoa Honora Harrington hawako wengi kiasi hicho. Ndiyo maana nasema usitafute mtu mmoja, tafuta kaya. Wale Patrick watatu wana mama watatu tofauti, na sisi bado hatujui Patrick wa Butte mama yake ni nani. Hilo ndilo swali lako la kweli, na jibu lake liko Marekani, si Ireland.

Rudi Butte, basi. Cheti cha kifo ni shahidi dhaifu: aliyejibu maswali alikuwa mjane mwenye majonzi au jirani, na hiyo 47 inaweza kuwa ya kukisia. Mimi ningetafuta kuanzia 1857 hadi 1867. Tafuta cheti cha ndoa yake, kwa sababu fomu za ndoa za Montana mara nyingi ziliuliza majina ya wazazi wote wawili. Kama alioa kanisani, omba pia kitabu cha ndoa cha parokia. Tafuta sensa ya Marekani ya 1900, inayotoa mwezi na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kuingia nchini. Usipomkuta Montana miaka ya mwanzo, tazama Michigan: wachimbaji wengi wa Allihies, ambako shaba ilichimbwa tangu 1812 hadi miaka ya 1880, walipitia migodi ya shaba ya Michigan kabla ya kufika Butte. Tafuta taarifa ya msiba gazetini, maana ndiko wanakotaja "ameacha ndugu fulani na dada fulani". Karatasi za uraia za kabla ya 1906 usizitegemee. Nyingi zinasema tu kwamba ameacha utii kwa malkia wa Uingereza. Hifadhi ya nyaraka ya Butte-Silver Bow ipo na inapokea maswali, waandikie. Na vyeti vya kifo vya kaka na dada zake uvitafute pia. Kama wa Patrick kimeandikwa "Ireland, basi", cha dada yake aliyekufa 1930 huenda kina majina ya wazazi wote.

Ukishapata, tuseme, kwamba mama ni Harrington na kuna mdogo wake Michael, ndipo unavuka bahari. Na hapo mwaka wa Patrick kuzaliwa unakuwa mkosi kidogo. Ireland ilianza kusajili vizazi vya watu wote tarehe 1 Januari 1864, na huenda yeye alizaliwa miaka miwili kabla. Mama zetu wa zamani lakini hawakuzaa mtoto mmoja. Wadogo zake waliozaliwa baada ya 1864 watakuwamo katika usajili wa serikali, wilaya ya Castletown, na cheti cha mmoja wao kitakupa jina la mama pamoja na kitongoji. Vyeti hivyo vya vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita viko bure kwenye ile tovuti ya serikali, picha kamili. Ukikuta tarehe ya kuzaliwa imekuja baada ya tarehe ya ubatizo, usishtuke. Mtoto alibatizwa ndani ya siku chache, lakini kwenda kwa msajili kulisubiri mpaka baba apate safari ya mjini, na kuchelewa kulikuwa na faini. Mzee akasogeza tarehe mbele, maisha yakaendelea. Kati ya karani na paroko, mimi kwa tarehe namwamini paroko.

Kuwaondoa wale wasio wako nako ni kazi yenye faida. Ukimkuta mmoja wa Patrick watatu katika sensa ya 1901 au 1911 bado analima Eyeries na watoto wake saba, huyo si wa Butte, mfute. Ukikuta wazazi walewale wamembatiza Patrick 1860 na tena Patrick 1863, wa kwanza karibu hakika alifariki na jina akarithishwa mdogo wake; Wakatoliki wa huko mara chache waliandika mazishi, kwa hiyo kifo cha kabla ya 1864 utakisoma hivyo tu, kwa jina lililorudi. Kulikuwa pia na desturi ya mwana wa kwanza kuitwa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama. Inasaidia kukisia, haithibitishi. Nimeona watu wakijenga vizazi vitatu juu ya desturi hiyo peke yake.

Usiwapuuze wasimamizi. Walikuwa mashangazi, wajomba, majirani wa ukuta mmoja. Ukimwona Timothy Harrington amesimamia watoto wawili wa kaya moja, na jina hilo hilo likatokea Butte kama shahidi wa ndoa ya Patrick, nywele zitakusimama. Angalia na pembezoni mwa ukurasa. Wewe mwenyewe kama uliolewa kanisani unakumbuka ulivyoambiwa lete cheti kipya cha ubatizo, na baada ya ndoa parokia ya nyumbani ikaandikiwa. Utaratibu huo wa kuandika ndoa kando ya jina la mbatizwa Kanisa liliusisitiza tangu 1908. Kwa hiyo mdogo wake Patrick aliyebatizwa 1879 na kuoa Amerika 1910 anaweza kuwa na mstari mwembamba wa wino mpya kando ya jina lake, wenye jina la mji na mwaka. Mstari wa namna hiyo, uliotoka Marekani ukarudi kijijini, ni ushahidi ambao hakuna wakili wa kuupinga. Si vitabu vyote vinao, ila ukurasa ukifunguliwa usiishie katikati.

Beara ina jambo jingine. Sullivan walikuwa wengi hata wenyewe wakachoka, wakagawana kwa lakabu: wale weupe, wale wekundu, wale wakubwa, kila tawi na lake, kama sisi tunavyosema Juma Mrefu na Juma wa Chumbageni. Baadhi ya mapadri na makarani waliziandika. Muulize mama mkwe kama kuna neno la ajabu lililokuwa likifuata jina la ukoo nyumbani kwao, hata kama hajui maana yake. Neno hilo moja linaweza kukuondolea Patrick wawili kwa mpigo.

Kabla ya kwenda kwenye mti wa mtandaoni nikupe na hili, kwa sababu linafaa wazazi wa Patrick na watu hawalijui. Januari 1909 serikali ilianza kulipa pensheni kwa wazee wa miaka 70. Vyeti vya kuzaliwa hawakuwa navyo, kwa hiyo wengi waliandika Dublin watafutiwe majina yao katika sensa ya 1841 au 1851, wakiwa watoto kwa wazazi wao. Sensa zile ziliungua baadaye. Fomu za maombi, na mengi ya majibu yaliyonakiliwa humo, zimebaki, na ziko wazi mtandaoni kupitia Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Kama baba au mama wa Patrick alikuwa hai na akaomba, fomu moja inaweza kukupa wazazi wake na ndugu zake kutoka sensa isiyokuwepo tena duniani. Pensheni hiyo pia ndiyo sababu utakuta mtu ana miaka 58 mwaka 1901 na miaka 71 mwaka 1911. Nani angekubali kubaki na 68?

Mti wa karne ya 12, dada yangu, uache. Masultani na machifu tunawapenda sote, na ukoo wa O'Sullivan Beare kweli ulitawala rasi ile. Lakini vitabu vingi vya parokia za magharibi ya Ireland vinaanzia miaka ya 1820 au baada yake. Juu ya hapo kwa familia ya mpangaji wa shamba kuna vitabu vya kodi ya zaka vya miaka ya 1820 na 1830, na uthamini wa ardhi wa Griffith uliofanyika kati ya 1847 na 1864. Hivyo viwili vinataja wakuu wa kaya tu, bila wake wala watoto. Baada ya hapo ni ukungu. Mtu anayekuambia ameuvuka ukungu huo akafika kwa mtawala, mwombe akuonyeshe ukurasa wa 1790. Na anayekuuzia ngao ya ukoo anakuuzia pambo la ukutani.

Kipimo cha vinasaba kinaweza kusaidia, kwa tahadhari. Watu wa Beara walioana ndani ya rasi kwa vizazi vingi, mpaka katika vitabu vya ndoa utaona ruhusa ya Kanisa kwa walio na udugu wa daraja la tatu au la nne. Matokeo yake watu wanaofanana damu na mume wako wataonekana ni ndugu wa karibu kuliko walivyo. Apimwe mzee wa familia aliye hai, mama mkwe au mjomba wake kutegemea nani ametoka upande wa Sullivan, kabla ya mume wako. Damu yao iko kizazi kimoja karibu zaidi na Patrick. Na kwanza waulizeni kama wako tayari kujua watakachokuta, kwa sababu vitabu na vinasaba vyote vina watoto ambao familia haikuwataja.

Kuna mahali kazi ya mtandao inaishia. Kwa ubatizo au ndoa za baada ya 1880 hivi huenda ukalazimika kumwandikia paroko, kwa heshima, ukitaja tarehe za makisio na ukiambatanisha sadaka kidogo; paroko mmoja siku hizi anahudumia makanisa matatu, mpe miezi. Mkifika Dublin, Maktaba ya Taifa pale Kildare Street ina watu wanaoshauri kuhusu ukoo bila malipo. Mkiona kaya mbili zimebaki na hamwezi kuzitenganisha, hapo ndipo inafaa kumlipa mtafiti wa kule aliyeidhinishwa, umwambie kazi yake ni swali hilo moja tu, usimwambie "nitafutie ukoo". Bili ina tabia ya kufuata upana wa swali.

Kuhusu pasipoti: kwa Patrick, hapana, kwa kadiri ulivyonieleza. Ireland humpa nafasi mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa Ireland. Patrick ni baba yake babu. Kwa kawaida ingewezekana tu kama mzazi wa mume wako aliandikishwa katika daftari la wazaliwa wa nje kabla mume wako hajazaliwa, jambo ambalo mngelijua. Kama kuna bibi upande mwingine aliyezaliwa kule, ulizeni ubalozi wa Ireland, na mfanye hivyo kabla ya kulipa mtu yeyote.

Na kazi ya mtoto isisubiri Butte wala Dublin. Aandike kwa kalamu: Patrick Sullivan, mchimba shaba, alifariki Butte 1909. Juu yake achore visanduku viwili, cha baba na cha mama, na katika cha mama, pale penye jina la ukoo, aache nafasi pana ya penseli.